Kutoka gokati hadi Formula 1: mwongozo kwa mzazi anayeanzia sifuri

Kila mbio za watoto zikiisha, kuna mzazi atakayenivuta pembeni na kuuliza: "Fundi, mwanangu ana miaka tisa, kichwani mwake ni magari tu. Tuanzie wapi?" Wa pili atakuja na swali hilohilo, na wa tatu vilevile. Nimeamua kuandika jibu mara moja, ili tukikutana tuzungumzie kona na breki.

Njia yenyewe ni hii. Mtoto huanza na gokati, kigari kidogo cha mbio, na wengi hukaa humo hadi wafike miaka 14 au 15. Akitimiza 15 anaruhusiwa kuendesha gari la kiti kimoja la Formula 4. Baada ya hapo kuna Formula ya kanda, ambayo kwa Ulaya wengi huiita FRECA, halafu Formula 3, Formula 2, na mwisho Formula 1. Kuanzia F3, mbio hufanyika wikendi moja na F1, katika viwanja vilevile, kwa hiyo wakubwa wanakuona kwa macho yao.

Kuna jambo wageni hawaambiwi mapema. Katika njia yote hiyo, mpaka F2, dereva ndiye anayeilipa timu. Kiti kinanunuliwa. Ndiyo maana ushauri wangu wote umejengwa juu ya neno moja: nunua kilomita, usinunue jina la daraja. Mtoto aliyefanya siku 30 za mazoezi katika daraja la chini atampita aliyekimbilia daraja la juu akabaki na pesa za mbio tupu.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Helmeti ya mbio za magari. Kwa mtoto chini ya miaka 15 tafuta yenye alama ya CMR, ambayo ni nyepesi kwa shingo changa. Helmeti ya bodaboda haifai, hata ikiwa mpya na ya bei mbaya.
- Suti ya gokati, glavu, viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, na kinga ya mbavu. Hii ya mwisho ndiyo wazazi huiacha. Kiti cha gokati hakina sponji, na mbavu za mtoto ndizo zinazogonga ukingo wake kila kona.
- Pasipoti yenye muda wa kutosha, na ridhaa ya wazazi wote wawili iliyoandikwa.
- Makubaliano na shule kabla ya msimu kuanza. Mwalimu mkuu akijua tarehe za mbio tangu Januari, ni mwenzako. Akizijua Ijumaa mchana, ni adui.
- Daftari. Nitalirudia hili.
- Bajeti ya msimu mzima, na juu yake robo nzima ya akiba. Gokati itagongwa, hilo halina mjadala.

Hatua

1. Kodisha kwanza, usinunue. Mpeleke kwenye uwanja wa gokati za kukodi, kama ule wa Carnivore jijini Nairobi, au ukiwa Ghuba, Dubai Kartdrome. Siku ya kwanza usitazame kasi. Tazama kama mizunguko yake inafanana. Mtoto anayepishana na nafsi yake kwa sehemu ndogo ya sekunde, mzunguko baada ya mzunguko, ana kitu cha kufanyia kazi. Yule mwenye mzunguko mmoja mzuri na tisa ya ovyo bado anabahatisha. Mrudishe angalau mara sita, na mara ya sita muulize kama anataka kurudi. Swali hilo ni lake, baba usilijibie.

2. Pata leseni kupitia chama cha nchi yako. Leseni ya mbio haitolewi na timu wala na uwanja. Hutolewa na chama kinachotambuliwa na FIA, shirikisho la mbio za magari duniani: Kenya ni KMSF, Tanzania ni AAT, Uganda ni FMU, Rwanda ni RAC. Chama hichohicho ndicho kitakachokupa kibali cha kushindana nje. Nimeona familia imefika Ulaya na mizigo yote, mtoto akazuiwa kuanza kwa sababu ya karatasi moja iliyobaki nyumbani. Omba kibali wiki kadhaa kabla.

Ukiwa mahali pasipo uwanja wa gokati, uliza chama kuhusu krosikaa, kigari kidogo cha kwenye vumbi ambacho FIA ilitoa ramani zake ili kijengwe kwa gharama nafuu. Rwanda wamekijenga. Max Verstappen, dereva wa F1 aliyepewa adhabu ya kazi ya jamii kwa kutukana mbele ya waandishi wa habari, aliitumikia Kigali Desemba 2024 akiwa na vijana na kigari hicho.

3. Nunua gokati iliyotumika, yenye chesi (fremu) nzima. Injini huchakaa na hutengenezwa, lakini chesi iliyopinda au yenye nyufa ni pesa iliyotupwa. Ilaze juu ya meza iliyo sawa kabisa, safisha maungio yote, angalia chini pale inapokwaruza kabi, yaani kingo za njia. Usiamini rangi mpya. Rangi mpya huficha mengi.

Kama ndiyo mnaanza, chagua daraja ambalo injini zake hufungwa kwa lakiri, kama la injini za Rotax. Humo makundi ya umri ya Mini, Junior na Senior yote hutumia injini ya cc 125 ya familia moja, na mtu hawezi kuifungua kienyeji akapata nguvu za wizi. Hiyo humlinda mwenye pesa chache.

Kisha funga kiti. Hapa ndipo nitakapokukalisha, maana makosa mengi ya "gari halipindi" huanzia hapa. Gokati haina difrensha, kifaa kinachoruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti. Magurudumu ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja, kwa hiyo ili ikate kona, gurudumu la nyuma la upande wa ndani lazima linyanyuke kidogo. Kinacholinyanyua ni uzito wa dereva na mahali alipokaa. Kiti kikiwa chini mno au nyuma mno, gurudumu halinyanyuki, gari linang'ang'ania, na mtoto anaambiwa hajui kuendesha. Pima uzito kwenye mizani nne, kila gurudumu na yake, mtoto akiwa amevaa kila kitu na mikono ipo usukanini. Wengi huanzia karibu asilimia 43 mbele na 57 nyuma. Mtoto akirefuka, pima upya. Wanarefuka kila likizo!

4. Fanya misimu miwili nyumbani, na uandike kila kitu. Daftari liwe na safu hizi: joto la siku, shinikizo la tairi kabla ya kutoka na mara tu anaporudi, meno ya sproketi (gia ya mnyororo), muda bora, na sentensi moja ya mtoto mwenyewe kuhusu gari. Sentensi hiyo ndiyo dhahabu. Mtoto wa miaka 11 anayeweza kusema "linateleza mbele nikiingia, nyuma nikitoka" ameanza kazi ya miaka 10 mbele. Anayesema "liko sawa tu" arudishwe aseme tena.

Badilisha kitu kimoja kwa mara moja. Kinababa hupenda kubadili tairi, ekseli na sproketi kwa pamoja kisha wakashangilia sehemu tatu za kumi za sekunde. Zimetoka wapi? Hawajui, na wiki ijayo hawatazipata.

5. Mpeleke anakopigwa. Ubingwa wa nyumbani ukishakuja kirahisi, hamna tena cha kujifunza hapo. Kwa mtoto wa miaka 12 hadi 14, shule yenyewe iko Ulaya: Lonato na Sarno nchini Italia, Genk nchini Ubelgiji, PFi kule Uingereza. Atakwenda bingwa, atamaliza wa 40. Ni sawa. Mwambie kabla ya kupanda ndege kwamba itakuwa hivyo, asije akadhani amekuwa mbaya ghafla.

Chuo cha madereva cha timu za F1, iwe Red Bull, Ferrari, Mercedes au McLaren, kinatazama matokeo ya huku. Vikombe vya nyumbani kwetu havisomwi. Lewis Hamilton aliingia mpango wa McLaren mwaka 1998 akiwa na miaka 13, na kabla ya hapo baba yake alikuwa akifanya kazi zaidi ya moja kulipia tairi. Lakini usipange maisha ukisubiri kuchukuliwa. Panga kana kwamba hakuna atakayepiga simu.

*Angalizo la visa.* Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji visa ya Schengen, na visa ya matembezi huruhusu siku 90 tu ndani ya siku 180. Hesabu siku za mbio, mazoezi na kusubiri vipuri, utakuta zimekwisha kabla ya msimu. Uingereza ina visa yake nyingine. Panga kalenda ukiwa na hesabu hii mezani, au mfanye mazoezi ya katikati ya mwaka nyumbani.

6. Akikaribia miaka 15, fanya majaribio ya F4 kabla ya kusaini chochote. Siku mbili au tatu zatosha kujua. Gari la F4 ni mnyama mwingine: lina mabawa, na hewa hulikandamiza chini kadiri linavyokwenda kasi. Mtoto wa gokati amezoea breki ya nyuma peke yake na gari la kutelezateleza. Huku anatakiwa akanyage kwa nguvu zote mwanzoni, wakati kasi bado inalibana gari, kisha aachie taratibu akiingia kona. Karibu wote hukosea kinyume, wanaanza pole na kumalizia kwa nguvu, tairi zinafunga. Simuleta husaidia kujifunza uwanja na mpangilio wa breki, ila haifundishi woga, na woga una kazi yake.

7. Chagua ligi ya F4 kwa mfuko wako. Ya Italia ndiyo yenye ushindani mkali na ndiyo inayotazamwa zaidi, na gharama yake inalingana na hilo. Ya Ufaransa huendeshwa na chuo cha shirikisho lao wenyewe, magari yote yako chini ya paa moja, kwa hiyo tofauti ya timu tajiri na timu maskini haipo. Kwa familia isiyo na mamilioni mimi huishauri hiyo kwanza. Kwa walio Ghuba na Afrika Mashariki, mbio za Januari na Februari katika Yas Marina (Abu Dhabi) na Dubai ni mahali pazuri pa kuanzia: safari fupi, msimu mfupi, na wapinzani wanaokuja kutoka Ulaya kunoa makali.

Gharama? Msimu kamili wa F4 Ulaya huhesabiwa kwa laki kadhaa za euro. F3 huvuka milioni, na F2 huhesabiwa kwa mamilioni. Nimeandika polepole ili usome polepole.

Kabla ya kusaini, uliza maswali haya na majibu yaandikwe kwenye mkataba: Tairi za mazoezi zimo? Siku ngapi za majaribio? Ajali ikitokea nani analipa, na kikomo ni kiasi gani? Ada ya kujiandikisha imo? Je, tutaona data za mwenzake katika timu? Mzazi mmoja niliyemfanyia kazi aliuza kiwanja, akalipia kiti, kisha akaletewa bili ya tairi za mazoezi mwezi wa pili. Timu siitaji. Mkataba haukusema uongo. Ulinyamaza tu, naye hakuuliza. Mtoto alikimbia nusu msimu.

8. Usiruke kwenda juu kabla hajawa mbele. Verstappen alitoka gokati mwaka 2013, akafanya msimu mmoja wa F3 mwaka 2014, na mwaka 2015 alikuwa ndani ya F1 akiwa na miaka 17. Kila mzazi ananitajia hadithi hiyo. Ninachowajibu ni kwamba baada yake FIA ilifunga mlango: sasa umri ni 18, isipokuwa kwa ruhusa maalumu, na alama za leseni zinahesabiwa (tazama hatua ya 9). Kimi Antonelli, dereva mwingine wa F1, aliiruka F3, kweli, lakini alikuwa amebeba ubingwa wa FRECA wa 2023 na Mercedes nzima nyuma yake.

Kipimo changu: akimaliza msimu ndani ya watano wa juu, panda. Akiwa wa 12, rudia daraja hilohilo na timu bora zaidi. Huko F3 kuna magari 30 na mazoezi ya dakika 45 tu kabla ya kupanga nafasi. Hapo si pahali pa kujifunzia.

9. Hesabu alama za leseni kuu kila Desemba. Ili aendeshe F1, dereva anahitaji alama 40 ndani ya misimu mitatu, pamoja na kilomita 300 katika gari la F1 na mtihani wa kanuni. Bingwa wa F4 hupata 12. FRECA humpa bingwa 25, wa pili 20, wa tatu 15. F3 ni 30, 25, 20 kwa watatu wa kwanza. F2 humpa 40 kila mmoja wa watatu wa juu, wa nne 30, wa tano 20, wa sita 10.

Tuchukue kijana aliyeshinda F4 (12), akawa wa tatu FRECA (15), kisha wa sita F3 (9). Jumla 36. Amekosa nne, mzazi anasema mwakani zitapatikana. Lakini mwakani msimu wa F4 unatoka nje ya dirisha la miaka mitatu! Anabaki na 24, na sasa anahitaji 16 kutoka F2. Nafasi ya sita haimtoshi, lazima awe wa tano. Hesabu hii ifanywe kabla ya kusaini kiti cha F2, maana inaonyesha kama timu unayoilipia inaweza kumfikisha hapo. Na ligi yenye magari machache hukatwa alama, kwa hiyo usikimbilie ubingwa wa watu wanane.

10. Ukiwa F2, jenga mlango wa pili mapema. Bingwa wa F2 haruhusiwi kurudi kutetea taji. Oscar Piastri alibeba mataji matatu mfululizo, Formula Renault 2019, F3 2020, F2 2021, na bado 2022 alikaa benchi. Felipe Drugovich, bingwa wa 2022, akawa dereva wa akiba. Théo Pourchaire, bingwa wa 2023, alikwenda kutafuta viti Japani na Marekani. Kwa hiyo zungumza na watu wa IndyCar ya Marekani, Super Formula ya Japani, Formula E ya magari ya umeme na mbio ndefu za saa nyingi wakati bado unashinda, simu zingali zinapokelewa. Ahmad Al Harthy wa Oman alipitia magari ya kiti kimoja Uingereza, akahamia GT, mbio za magari ya mtaani yaliyogeuzwa, na mwaka 2024 alikuwa kwenye WEC, ubingwa wa dunia wa mbio ndefu, akigawana gari na Valentino Rossi, bingwa wa zamani wa pikipiki. Nayo ni njia.

Mambo yakikwama

*Ana kasi kwenye mazoezi, kwenye mbio anapotea.* Mara nyingi ni tairi za baridi na mizunguko miwili ya kwanza. Wakati wa mazoezi mtoe na watoto wengine sita kwa pamoja, mizunguko mitatu, arudi, tairi zipoe, atoke tena. Msirudie mzunguko wa peke yake.

*Amegongwa na sasa anaachia mafuta mapema.* Usimkemee. Daktari kwanza, hasa kichwa na mbavu. Kisha rudi kwenye gokati ya kukodi bila saa wala daftari. Wapo wanaorudi wiki moja, wapo wa miezi mitatu.

*Amerefuka na kuwa mzito kuliko daraja lake.* Usimnyime chakula. Mpandishe daraja la gokati lenye kikomo kikubwa cha uzito, na sogeza kiti. Kumkondesha mtoto wa miaka 13 ili apate sehemu ya sekunde ni upumbavu, nami hukataa kumfanyia kazi mzazi wa namna hiyo.

*Timu haijibu barua zangu.* Umetuma picha za vikombe. Tuma ukurasa mmoja: umri, leseni, viwanja, muda bora pamoja na muda wa aliyeshinda siku ileile, na bajeti halisi. Wataijibu bajeti kwanza, zoea.

*Mwanangu ni msichana.* Njia ni ileile tangu gokati. Akifika ngazi ya F4 kuna pia F1 Academy, iliyoanza 2023, inayotumia magari ya F4 na kukimbia wikendi za F1. Dereva hukaa humo misimu miwili tu, kwa hiyo asiingie kabla hajafanya F4 ya kawaida.

*Pesa imekwisha katikati ya msimu.* Simamisha mbio, usikope. Uza injini ya akiba, baki na chesi, na mtoto aendelee kukodi mara mbili kwa mwezi. Waambie wadhamini ukweli na uwapelekee daftari.

*Mimi mwenyewe nina miaka 19 na sijawahi kukaa kwenye gokati.* Kaka, dada, F1 hapana. Ila klabu za rali za nyumbani zinapokea watu wa umri wako, na kuna upungufu mkubwa wa mafundi na wahandisi wa data. Njoo Jumamosi saa 12 asubuhi na ovaroli yako, tutakuanzishia kwenye kupima shinikizo la tairi.